Kushoto, Mbele ya Bawa

Kazini walimwita Dirisha, na jina likamganda kiasi kwamba hata mkewe alilitumia alipotaka kumtania. Alikuwa mkata tiketi za ndege. Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, vyumba viwili na kibaraza cha nyuma ambako waliweka jiko la kuchemshia chai. Alikuwa ameketi kwenye dawati lile lile kwa miaka ishirini na tatu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupanda ndege hata mara moja. Wateja wakilijua hilo walicheka, naye alicheka nao, kisha akawauliza wanataka kusafiri lini.

Jina lilianza kwa lawama. Mwaka wake wa pili kazini, mpima ardhi mmoja mstaafu alinunua tiketi ya kwenda kaskazini. Yule mzee alikuwa amewahi kuupima mlima mkubwa ulioko njiani, kwa miguu, enzi za ujana wake, akiwa na kamba na vigingi, na sasa alitaka kuuona kwa juu kabla macho hayajamwishia. Dirisha alimpa kiti cha dirishani bila kufikiri sana. Wiki tatu baadaye mzee akarudi, akaegemea dawati kwa viganja viwili, akasema, "Kijana, umeniuzia bati." Kiti kilikuwa juu kabisa ya bawa. Mzee alikuwa ametazama bati la bawa kwa saa nne, mlima ukapita chini yake hauonekani.

Maneno yale yalimwingia. Tangu siku hiyo kila mteja aliyerudi safari aliulizwa: ulikaa wapi, uliona nini, jua lilikuwa upande gani. Majibu aliyaandika kwenye daftari la kurasa mia mbili, na lilipojaa akaanza jingine. Baada ya miaka michache alijua kwamba ndege ya asubuhi ya kaskazini unakaa kushoto, kwa sababu jua linapiga kulia na mlima uko kushoto. Alijua kwamba ukikaa nyuma ya injini joto lake linafanya ardhi icheze kama unaiona ndani ya maji. Alijua kwamba katika ndege fulani safu ya kumi na moja upande wa kushoto inaitwa ya dirishani lakini haina dirisha, ni ukuta mtupu, na abiria hukaa pale akiutazama ukuta kama mtu aliyetiwa adabu. Ziwa lililoko katikati ya njia, aliwaambia watu, lina umbo la mguu wa mtu, kisigino huku na vidole kule. Watu wakaanza kuja kwake kutoka mitaa ya mbali. Meneja, ambaye mwanzoni alimwona anapoteza muda wa ofisi, akaandika kwenye kibao cha mlangoni: Muulize Dirisha.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Alishona sare za shule, sketi za buluu na kaptula za kijivu, katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na Januari zote za ndoa yao nyumba ilijaa vipande vya vitambaa hadi kitandani. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye alikuwa ameolewa huko huko kaskazini na alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Binti alipojifungua mtoto wake wa kwanza aliwapigia simu wazazi wake, akawaambia wasitafute sababu tena, waje wamwone mjukuu wao. Na kweli hawakutafuta sababu. Dirisha aliomba likizo, ya kwanza ndefu tangu aajiriwe.

Siku aliyokata tiketi zao alibaki ofisini baada ya wenzake kuondoka, akaufungua mchoro wa viti kwenye kompyuta, akautazama kama mtu anayechagua kiwanja. Akachukua saba A na saba B. Kushoto, mbele ya bawa, kabla ya injini. Saba A ya mkewe, dirishani. Saba B yake yeye, pembeni, awe anamwonyesha. Alipofika nyumbani alimwelezea mkewe kila kitu: dakika ya arobaini mashamba ya chumvi, saa na nusu ziwa, saa mbili na robo mlima, ukiwa na bahati unaona na theluji. Mkewe alikuwa anakaza kifungo kwenye shati la mtoto wa mtu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya. Wewe ndiye mtaalamu." Wiki ile akashona mito miwili ya shingoni, ile ya kuvaa safarini, akaijaza mabaki ya vitambaa, mmoja wa buluu na mmoja wa kijivu.

Mkewe alifariki siku kumi na tisa kabla ya safari. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa kwenye cherehani, akainuka kwenda kufungua dirisha kwa sababu alisema anahisi joto, akaanguka. Aliyekuwa naye ni jirani yao, mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi ya binti yake, na ndiye aliyempigia Dirisha simu. Wakati huo Dirisha alikuwa kwenye simu ya mezani na mteja. Aliiona simu yake ya mkononi inatetemeka juu ya daftari, akaliona jina la jirani, akaigeuza kifudifudi ili amalize. Alimwambia mteja akae kushoto, mbele ya bawa. Akamwambia asikubali safu ya kumi na moja. Kisha ndipo akapiga.

Hospitali walisema ni shinikizo la damu, kwamba mshipa wa kichwani ulipasuka, na kwamba hata kama angefika mapema. Daktari hakumalizia sentensi hiyo, naye Dirisha hakumuuliza. Saa tisa alasiri alikuwa amesimama kwenye korido yenye rangi ya kijani nusu ukuta, ameshika viatu vya mkewe, na akili yake ilikuwa inahesabu vigae vya sakafuni.

Mazishi yalipita. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alishughulikia mambo yote, na kila alipomuuliza jambo Dirisha alijibu, "Sawa." Binti hakuweza kuja. Mtoto alikuwa na wiki tano na alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu. Binti alilia kwenye simu mpaka mumewe akaichukua. Dirisha alisikiliza kilio kile akiwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, na alichokifikiria ni kwamba simu ya binti itaishiwa chaji.

Watu walimsubiri alie. Hilo alilihisi, jinsi walivyomtazama usoni kwa haraka kisha wakatazama pembeni. Yeye mwenyewe alijisubiri. Asubuhi alipiga mswaki, akavaa, akala alichopewa. Chakula kilikuwa na joto au kilikuwa baridi, basi, hakuweza kusema zaidi ya hapo. Ilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake usiku kucha, akaamka anauona mkono uko pale lakini si wake.

Siku ya nane akarudi kazini. Hakuna aliyemtarajia, ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumrudisha nyumbani. Mwenzake wa dawati la pili, msichana wa miaka ishirini na sita ambaye Dirisha mwenyewe alimfundisha kazi, alimletea chai, akasimama pale ameshika trei.

"Baba, ile tiketi ya mama," alisema kwa sauti ya chini, "niachie mimi niifute."

"Nitaifuta mwenyewe."

Alikuwa amefuta mamia ya tiketi za namna hiyo. Kompyuta inakuuliza sababu, inakupa orodha: ugonjwa, mabadiliko ya safari, kukosa viza, kifo. Unachagua, inakutaka nakala ya cheti. Alikuwa nacho mkobani. Akakitoa nakala kwenye mashine ile ile ya ofisi, na kwa kuwa wino ulikuwa umekaribia kwisha ilitoka hafifu, akaitoa tena. Akaipiga muhuri, akaitia kwenye faili. Kwenye mchoro wa viti, saba A ikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani, maana yake iko wazi. Akaitazama kidogo. Kisha akamwita mteja aliyekuwa akingoja.

Safari yake mwenyewe hakuifuta. Shemeji alimshauri aende, meneja alimshauri aende, binti alimsihi aende, na yeye alikuwa hana sababu ya kwenda wala ya kutokwenda. Msichana wa dawati la pili alimwuliza atakaa wapi. Akajibu, "Popote." Msichana alishtuka kidogo kusikia neno hilo kwenye kinywa chake. Jioni ile, kwa nia njema kabisa, akamhamisha kutoka saba B akamweka saba A, kwa sababu aliona ni dhambi mtu kama yule asafiri mara ya kwanza bila dirisha. Dirisha aliiona kwenye pasi yake ya kupandia ndege asubuhi ya safari, pale kwenye foleni ya kiwanjani, na akaenda nayo hivyo hivyo.

Basi ndivyo ilivyokuwa kwamba Dirisha, akiwa na miaka hamsini na mbili, alipanda ndege. Alikuwa amewaelezea watu kwa miaka mingi jinsi ya kufunga mkanda, jinsi masikio yanavyoziba, jinsi ndege inavyotetemeka kabla ya kuinuka. Yote yalitokea kama alivyosema. Harufu tu ndiyo hakuna aliyewahi kumwambia: harufu ya zulia la zamani na kahawa iliyokaa sana. Aliweka ule mto wa buluu mapajani. Wa kijivu alikuwa ameuacha nyumbani. Dirisha lenyewe lilikuwa dogo kuliko alivyofikiri, lina mikwaruzo, na kipazia chake cha plastiki kilikuwa kimeshushwa nusu. Hakukipandisha.

Kwenye saba B alikuja kuketi mwanamke mnene wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliketi kwa kishindo, akatafuta ncha ya mkanda chini ya makalio yake, akaipata, akajitambulisha bila kuulizwa kwamba yeye ni muuza vipuri vya magari. Alisafiri mara nne kwa mwaka kwenda kuchagua mzigo, na kila mara, alisema, hubandikwa katikati, kwa sababu hununua tiketi dakika za mwisho. Dirisha alitikisa kichwa. Mwanamke akautazama ule mto, akaushika pembe kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Nani kakushonea hii, kaka yangu? Mshono umenyooka."

"Mke wangu."

"Mwambie ana mkono."

"Nitamwambia," alisema Dirisha.

Maneno yalitoka yenyewe. Aliyasikia kama yamesemwa safu ya nyuma. Alifikiri ayarekebishe, akaona ndege imeanza kukimbia, akayaacha.

Dakika ya arobaini ikafika. Alijua kwa saa yake ya mkononi. Huko chini mashamba ya chumvi yalikuwa yanapita, meupe na ya waridi, vipande vipande kama walivyomwelezea wateja hamsini, naye alikuwa anausoma mfuko wa kutapikia uliokuwa kwenye kiti cha mbele. Ulikuwa na maelekezo kwa lugha tatu. Akayasoma yote matatu, ingawa lugha moja hakuijua.

Muuza vipuri alivumilia, akajikohoza, akavumilia tena. Mwishoni akaona haiwezekani.

"Kaka, samahani. Hilo dirisha hulitumii?"

"Hapana."

"Basi tubadilishane. Mimi miaka sita nasafiri naona visogo vya watu tu."

Wakabadilishana. Haikuwa kazi rahisi, kwa sababu yule mama alikuwa na mwili na pochi mbili, na abiria wa saba C, kijana aliyevaa vidude vya muziki masikioni, ilibidi aamshwe asimame. Hivyo Dirisha akajikuta ameketi saba B, pale pale alipokuwa amejikatia mwanzo, na mwanamke asiyemjua yuko saba A. Kipazia kilipandishwa hadi juu. Mwanga ukaingia wote, ukamuumiza macho.

Kuanzia hapo yule mama akawa anasema anachokiona. Hakumsemesha Dirisha hasa. Alikuwa mtu wa sokoni, amezoea kutaja bidhaa kwa sauti. Alisema mto wa maji kule chini umejikunja kama waya wa breki uliong'olewa. Alisema mabati ya nyumba yanamulika, moja, jingine, kama watu wanaitana kwa vioo. Aliona moshi wa tanuri za matofali, mistari kumi na zaidi, yote imelalia upande mmoja. Dirisha alishtuka kidogo kwa hayo, kwa namna mtu anavyoshtuka akiulizwa swali akiwa mbali kimawazo. Katika madaftari yake hakuna mtu aliyewahi kumtajia matanuri ya matofali. Walimletea mlima, ziwa, na theluji. Walimletea walichokwenda kutafuta.

Ziwa likafika kwa wakati wake.

"Lina umbo la mguu," alisema Dirisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuanzisha neno tangu wakae.

Mama alitazama kwa makini, akafuta miwani, akatazama tena. "Mguu gani? Labda kiatu kilichokanyagwa na lori." Akasogea ili amwonyeshe. "Njoo uone mwenyewe."

"Nimekuamini."

Hapo ndipo yule mama alipomgeukia, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamwuliza anakwenda kwa nani. Kwa binti yake, alisema, amejifungua. Na mama yake huyo binti, yeye amebaki nyumbani? Swali lilikuwa la kawaida kabisa, la watu wanaopitisha muda, na Dirisha alilijibu kwa sauti ile ile ambayo angejibu bei ya tiketi.

"Mke wangu amefariki. Leo siku ya kumi na tisa. Hapo ulipokaa palikuwa pake."

Injini zikaendelea kunguruma. Muuza vipuri hakufunika mdomo, hakumshika mkono, hakumwambia yote ni mapenzi ya aliye juu. Aliligeukia dirisha, akalitazama ziwa hadi likaisha. Kisha akasema, "Pole, kaka yangu." Na baada ya hapo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuliza, akauliza, "Angependa kuona nini? Niangalie."

Dirisha alifungua kinywa kumjibu. Alikuwa na jibu la kila mtu. Mpima ardhi alitaka mlima wake. Watalii walitaka theluji. Kulikuwa na bwana mmoja aliyetaka kuona paa la nyumba aliyojenga, na mwanamke mmoja aliyetaka kukaa upande usioonyesha mji alikoachwa. Aliwauliza wote na kuwaandika wote. Alitafuta kichwani jambo ambalo mkewe alisema anataka kuliona, na hakulipata. Si kwamba alilisahau. Hakuwahi kumuuliza.

"Sijui," alisema.

Mama akatikisa kichwa taratibu, akarudi kutazama nje, na tangu hapo hakutaja alichokiona. Mlima ulipofika rubani aliutangaza, abiria wa kulia wakainuka kuuegemea upande wa kushoto, simu zikapanda hewani. Kupitia pengo kati ya bega la yule mama na kiti, Dirisha aliona kitu cheupe ambacho kingeweza kuwa theluji au wingu. Hakuuliza ni kipi. Akaifumba mikono yake juu ya ule mto, na alikuwa ameifumba hivyo hivyo magurudumu yalipogusa chini.

Binti yake alimpokea kiwanjani na mtoto kifuani. Alimkumbatia baba yake akalia mbele za watu, na mtoto akabanwa katikati akaanza kulia naye. Dirisha aliupapasa mgongo wa binti yake kwa mkono mmoja, kama mtu anayebembeleza farasi asiyemzoea. Mkwe wake alichukua begi.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, na kamba za kuanikia nguo zilipita sebuleni kwa sababu ya mvua. Dirisha alilala kwenye kochi. Alijitafutia kazi: aliosha vyombo, alipeleka takataka chini, alimshika mjukuu saa za mama yake kuoga. Mtoto alikuwa amepona homa, mzito, na alikuwa na kidevu cha bibi yake. Kila aliyemwona alilisema hilo. Dirisha alikitazama kile kidevu akakubali kwamba ndicho, kama vile unavyokubali sahihi kwenye fomu.

Siku ya tano, alasiri, mkwe akiwa kazini, binti alikuwa anakunja nepi na yeye anampokeza. Walifanya kazi hadi kikapu kikafika nusu.

"Baba," alisema binti, "mbona hulii?"

"Sijui, mama."

"Unanitisha. Nakuona unaosha vikombe visafi."

Binti akakunja nepi mbili tatu kwa hasira, akatua. Akamuuliza, ili tu abadilishe maneno, safari ilikuwaje, aliuona mlima? Dirisha alimweleza kweli, kwamba alimwachia mtu dirisha. Na kwamba yule mtu aliuliza mama angependa kuona nini, naye akashindwa kujibu.

Binti aliziweka nepi chini. Alikuwa na uso wa mtu anayeamua.

"Baba, mama alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Juu. Urefu. Hujui? Hata kupanda kigoda kutundika pazia alikuwa anamwita jirani. Wiki ile uliyokata tiketi alinipigia karibu kila siku. Ananiambia, baba yako kaniweka dirishani, nifanyeje, nikimwambia nitamharibia furaha yake. Tukapanga. Atajifanya amelala tangu ndege inaruka mpaka inatua. Ile mito, unafikiri alishona ya nini? Wake alitaka uwe mnene wa kufunika uso."

Dirisha alibaki ameshika nepi. Alikumbuka miaka ishirini na minane ya mapazia, na kwamba kila mara alipofika nyumbani yalikuwa yameshatundikwa, na ndani yupo jirani anakunywa chai. Aliona mkewe amekaa saba A, ameuvaa ule mto wa kijivu hadi puani, macho kayafumba kwa nguvu, na yeye kando anamgusa bega: amka, ziwa hilo; amka, mlima huo. Na mkewe anajibu, mmh, nimeona.

Kikamtoka kitu. Kilikuwa kifupi, kikavu, binti alidhani anakohoa. Kilikuwa kicheko. Kikaja kingine, kirefu kidogo, na binti naye akaanza, wakacheka wote wawili juu ya zile nepi mpaka mtoto akaamka chumbani. Binti alicheka akaingia kilio bila kuvuka mpaka wowote. Dirisha alisubiri kuona kama naye ataingia. Kicheko kikaisha, na mahali pake hapakuja kitu. Akaenda kumchukua mtoto.

Alikaa kule wiki tatu, kisha wiki mbili zaidi, kwa sababu binti alimwomba na yeye hakuwa na sababu ya kukataa. Wakati wa kurudi aliwaacha watu wa kiwanjani wampe kiti wanachotaka. Wakampa cha njiani, karibu na choo, akalala karibu safari nzima, usingizi mzito wa mtu aliyebeba mizigo.

Ofisini walimpokea kwa shangwe ya wastani, ile inayostahili mfiwa. Meneja alimpa mkono kwa mikono miwili. Wote walitaka kujua, ingawa walijizuia wasionekane wanataka sana: ehe, baada ya miaka yote hiyo, vipi mlima? Dirisha alisema mawingu yalikuwa mengi. Msichana wa dawati la pili alisikitika kuliko wote. Alisema siku ile hewani huko kulikuwa kweupe, alikuwa ameangalia mwenyewe. Kisha akaona uso wa mzee wake, akasema labda mawingu yalikuja baadaye.

Jumatano ya wiki ile walikuja mume na mke, wa makamo, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kupigwa picha. Mume alikuwa ameelekezwa kwa Dirisha na mtu. Alitaka viti viwili, ndege ya asubuhi ya kaskazini, na alijua tayari anachotaka: kushoto, mbele ya bawa, mama hapa akae dirishani aone mlima. Alikisema kwa fahari ya mtu anayetoa zawadi. Mke alikuwa amekaa pembeni ameshika mkoba wake magotini, anatabasamu.

Dirisha alifungua mchoro wa viti. Saba A na saba B zilikuwa wazi, za kijani. Akaziacha. Akamgeukia yule mke.

"Na wewe mama, ungependa kukaa wapi?"

Mume akaanza kumjibia. Dirisha alimngoja amalize, kisha akarudi kumtazama mke, bila haraka. Yule mwanamke aliangalia mkoba wake, akamwangalia mumewe, akaangalia ule mchoro wa viti kwenye kioo kama kitu kilichoandikwa kwa lugha ya watu.

"Sijawahi kufikiria," alisema. "Naweza kufikiria kwanza?"

"Unaweza."

"Nikija kesho itakuwa sawa?"

"Itakuwa sawa."

Mume alikuwa haelewi, lakini hakuwa mtu wa ugomvi. Wakainuka, wakaaga, na kwenye ngazi Dirisha aliwasikia wanazungumza, mume akiuliza jambo na mke akijibu kwa sauti ambayo haikufika juu. Ilikuwa saa saba kasoro. Aliyahifadhi majina yao na tarehe ya safari, akaiacha sehemu ya viti tupu, akaenda kibarazani kuangalia kama chai imechemka.